Wakili wa umma: haki iliyoandikwa kwa penseli

Ndugu wasomaji, leo tuweke pembeni habari za baridi, bili na boksi. Nataka tuongelee jambo ambalo wengi wetu huku Marekani hatulifahamu mpaka siku pingu zinapogusa mikono. Ni habari ya wakili ambaye mahakama humpa mtu asiye na fedha ili amtetee kwenye kesi ya jinai.

Nianze na tatizo la lugha, maana ndilo lililonisukuma kuandika. Kwetu Tanzania ukisema "wakili wa serikali", kila mtu anamjua. Ni yule anayesimama upande wa Jamhuri, yule anayetaka ufungwe. Sasa chukua mtu aliyetoka Kigoma, au ndugu zetu Wakongo waliokaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kabla ya kuletwa huku. Anasimama mbele ya hakimu, anaambiwa kuwa serikali imempa wakili. Ataelewa nini? Ataelewa kwamba amekabidhiwa kwa adui yake.

Mimi si mwanasheria. Mkate wangu unatoka kwingine, lakini kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiitwa mahakamani kutafsiri Kiswahili. Nimeona watu wazima wenye akili zao wakimjibu wakili wao "ndiyo" na "sawa" kwa kila neno. Hawamwambii hata jina la jirani aliyeona tukio, kwa kuamini kwamba kila watakachosema kitapelekwa upande wa pili. Mkalimani anaapa kutoongeza wala kupunguza neno. Anatafsiri huku moyo unamuuma na hawezi kusema kitu. Hapa nilipo leo hakuna kiapo, kwa hiyo nitasema.

Nitamwita "wakili wa umma" ili tusichanganye. Mshahara wake unatoka kwenye kodi za wananchi, ni kweli. Lakini kisheria yeye ni wa kwako. Siri uliyomwambia haruhusiwi kuitoa, na kazi yake ni kupambana na mwendesha mashtaka. Haki hii haikushuka kutoka mbinguni na wala wakubwa hawakuigawa kama sadaka. Ina historia, na katika historia hiyo yumo mfungwa mmoja na penseli yake.

Katiba ya Marekani, katika Marekebisho ya Sita ya mwaka 1791, inasema mshitakiwa ana haki ya kusaidiwa na wakili. Maneno mazuri. Ila kwa zaidi ya miaka mia moja yalieleweka hivi: ukiwa na fedha za wakili, mahakama haitakuzuia kuja naye. Ukiwa huna, shauri yako. Mkono mtupu haulambwi.

Mmoja wa watu wa kwanza kupiga kelele hadharani alikuwa mwanamke, Clara Shortridge Foltz wa California. Aliachwa na mume akiwa na watoto 5. Akapigania sheria ya jimbo ibadilishwe ili wanawake waruhusiwe kuwa mawakili, na mwaka 1878 akawa mwanamke wa kwanza kupata leseni hiyo California. Wateja wake walikuwa maskini, na kila siku aliona jinsi walivyokandamizwa mahakamani. Mwaka 1893, kwenye Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Chicago, alisimama na kutoa hoja rahisi: kama umma unamlipa mtu wa kushitaki, basi umlipe na mtu wa kutetea. Ikachukua zaidi ya miaka 20. Ofisi ya kwanza ya wakili wa umma ilifunguliwa Los Angeles mwaka 1914.

Sehemu nyingine za nchi mambo yalibaki vilevile, na kwa watu weusi yalikuwa mabaya zaidi. Machi 1931, huko Alabama, vijana weusi 9 walikamatwa ndani ya treni ya mizigo wakisingiziwa kuwabaka wanawake wawili wa kizungu. Kesi zilianza Scottsboro baada ya wiki mbili tu. Waliosimama kuwatetea walikuwa wawili: mmoja alikuwa wakili wa mambo ya ardhi na nyumba kutoka jimbo jirani, mwingine mzee ambaye hakuwa ameendesha kesi kwa miaka. Ndani ya siku chache vijana 8 kati ya 9 walihukumiwa kifo. Mwaka 1932 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizitengua hukumu hizo, ikasema kwamba katika kesi ya kifo, mtu maskini asiyeweza kujitetea ni lazima apewe wakili, na awe wakili wa kweli mwenye muda wa kujiandaa.

Mwaka 1938 haki hiyo ikaenezwa kwenye kesi zote za jinai katika mahakama za serikali kuu. Lakini kesi nyingi za nchi hii ziko kwenye mahakama za majimbo, na huko mambo yaligoma. Mwaka 1942 kibarua mmoja wa shambani huko Maryland, Smith Betts, aliyeshitakiwa kwa unyang'anyi na kufungwa miaka 8, alifika Mahakama ya Juu akidai kwamba alinyimwa wakili. Majaji wakamkatalia. Wakasema majimbo hayalazimiki kumpa wakili kila maskini, ila pale tu penye mazingira ya pekee.

Sasa tufike Florida. Alfajiri ya tarehe 3 Juni 1961, baa moja ya mchezo wa pool katika mji wa Panama City ilivunjwa. Zilichukuliwa sarafu za kwenye mashine ya sigara na mashine ya muziki, pamoja na vinywaji kidogo. Akakamatwa Clarence Earl Gideon, mzungu maskini wa miaka 50 aliyeacha shule baada ya darasa la nane. Tusimfanye malaika. Alikuwa amefungwa mara kadhaa kwa wizi huko nyuma. Kama angekuwa mtaani kwetu, tungeshasema "ndiye huyohuyo" na kuendelea na kahawa zetu.

Tarehe 4 Agosti 1961 alisimama mbele ya Jaji Robert McCrary, akaomba apewe wakili. Jaji akamjibu kwa upole kwamba anasikitika, sheria za Florida zinaruhusu wakili wa bure kwa kesi ya kifo tu. Gideon akasema Mahakama ya Juu ya Marekani inasema ana haki hiyo. Hapa ndipo penye utamu wa historia hii: wakati ule Gideon alikuwa amekosea! Kesi ya Betts ya 1942 ilikuwa bado ndiyo sheria. Yeye alikuwa anasema sheria inavyopaswa kuwa, nao wanamjibu sheria ilivyo.

Akajitetea mwenyewe. Aliita mashahidi, akawahoji, akatoa hotuba kwa juri, yaani wale raia 6 wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia. Alijitahidi kadiri mtu asiye na elimu ya sheria anavyoweza. Wakamwona ana hatia. Akapewa miaka 5, adhabu ya juu kabisa kwa kosa lile.

Akiwa gerezani Raiford, Gideon alisoma vitabu vya sheria vilivyokuwemo. Alijaribu mahakama ya juu ya jimbo, ikamkatalia. Ndipo akachukua penseli na karatasi za mistari za gerezani, akaandika kurasa 5 kwenda Washington. Maombi yake yalifika Januari 1962. Tahajia yake ilikuwa mbovu, lakini hoja yake ilikuwa moja na imenyooka: nilinyimwa wakili.

Mahakama ikaamua kumsikiliza, ikamteulia wakili Abe Fortas, mmoja wa mawakili wakubwa wa Washington wakati ule, ambaye miaka michache baadaye aliteuliwa kuwa jaji wa mahakama hiyohiyo. Upande wa Florida alisimama kijana aitwaye Bruce Jacob. Jacob aliandikia majimbo mengine akiomba yaiunge mkono Florida. Majimbo yaliyokubali yalikuwa 2 tu, Alabama na North Carolina. Majimbo 22 yalijiunga upande wa mfungwa! Aliyeongoza juhudi hizo alikuwa mwanasheria mkuu wa Minnesota, Walter Mondale, ambaye baadaye alikuja kuwa makamu wa rais. Wenyewe walioshitaki watu kila siku walikuwa wameshaona kwamba kumshitaki mtu asiye na mtetezi ni aibu.

Tarehe 18 Machi 1963 majaji wote 9 walikubaliana: katika mashitaka ya kosa kubwa, asiye na fedha lazima apewe wakili. Hukumu iliandikwa na Jaji Hugo Black, ambaye mwaka 1942 alikuwa amepinga uamuzi wa Betts na kushindwa. Alisubiri miaka 21.

Lakini ndugu msomaji, watu wengi hufunga kitabu hapa, wakati sehemu yenye somo kubwa ndiyo kwanza inakuja. Gideon hakuachiwa siku ile. Alirudishwa Panama City kushitakiwa upya, na tarehe 5 Agosti 1963 kesi ikaanza. Mahakama ileile. Jaji yuleyule McCrary. Shahidi mkuu yuleyule, kijana aliyedai kumwona ndani ya baa alfajiri. Kilichobadilika ni kimoja tu: safari hii pembeni yake alikaa wakili wa pale mjini, Fred Turner, aliyekuwa amepata muda wa kuchunguza.

Angalia tofauti. Kwenye kesi ya kwanza Gideon alimuuliza shahidi yule kama aliwahi kupatikana na hatia ya kosa kubwa, akajibu hapana, yakaishia hapo. Turner alikuwa amefanya kazi yake, na shahidi akalazimika kukubali kwamba aliwahi kukiri kosa la kuiba gari. Turner akambana na swali jingine: wewe mwenyewe ulikuwa unafanya nini nje ya baa ile saa zile za alfajiri? Halafu akaja dereva wa teksi. Kwenye kesi ya kwanza alisema Gideon alimwambia asimwambie mtu kwamba amempakia, neno lililosikika kama la mwizi. Turner akamuuliza, je, alishawahi kukuambia hivyo siku nyingine? Dereva akasema ndiyo, alikuwa akisema hivyo kila mara kwa sababu ya matatizo yake na mkewe. Maneno yaleyale yaliyomfunga 1961, mwaka 1963 yakageuka kuwa si kitu. Juri ilikaa kama saa moja, ikarudi na jibu: hana hatia.

Hiyo ndiyo tofauti ya kuwa na wakili. Wakili hakuleta uchawi wala ujanja wa kumtoa mwenye hatia. Aliuliza swali la pili ambalo mtu wa kawaida hajui kuliuliza. Kabla ya hapo Gideon alikuwa ameshakaa ndani takriban miaka miwili. Alifariki mwaka 1972, akiwa maskini vilevile.

Baada ya hukumu ile, wafungwa wa Florida waliohukumiwa bila wakili waliachiwa kwa mamia, na mwaka huohuo wa 1963 jimbo likaanzisha ofisi za mawakili wa umma. Mwaka 1967 haki ikaongezwa kwa watoto wanaofikishwa mahakama za watoto. Mwaka 1972 ikafika hadi kwenye makosa madogo yanayompeleka mtu jela.

Tatizo ni kwamba Mahakama ya Juu ilitoa amri bila kutoa fedha. Kila jimbo liliachwa lijitegemee, na majimbo mengine yakausukumia mzigo huo kwenye kaunti. Pennsylvania, jimbo kubwa lile, mpaka mwaka 2023 serikali ya jimbo haikuwa inachangia ofisi hizo. Na mwanasiasa gani atashinda kura kwa kusema "nitaongeza fedha za kuwatetea watuhumiwa"? Kwa hiyo wakili yupo, lakini hana muda. Viwango vya zamani vya mwaka 1973 vilisema wakili mmoja asizidishe kesi 150 za makosa makubwa, au 400 za makosa madogo, kwa mwaka. Piga hesabu: kwa saa 2,080 za kazi kwa mwaka, kesi 400 ni kama saa 5 kwa kila mtu. Utafiti mpya uliotolewa na RAND na wenzake mwaka 2023 unasema hata kesi ya kosa dogo kabisa inahitaji karibu saa 14, na ya mauaji saa 248. Zaidi ya hapo, ziko ofisi ambazo hata vile viwango vya zamani vilipitwa.

Mwaka 2016 mkurugenzi wa mawakili wa umma wa Missouri, Michael Barrett, alichoka. Gavana Jay Nixon alikuwa amezuia fedha za ofisi hiyo. Barrett akachukua kifungu cha sheria kinachomruhusu kuteua wakili, na kwa kuwa gavana mwenyewe ni mwanasheria, akamteua gavana akamtetee maskini mmoja mahakamani! Mahakama ilisema hana mamlaka hayo, lakini nchi nzima ilicheka na kuelewa. Na msidhani hayo yameisha. Julai 2025 fungu la kuwalipa mawakili binafsi wanaowatetea maskini katika mahakama za serikali kuu lilikauka, wakaambiwa wasubiri malipo yao mpaka mwaka mpya wa fedha mwezi Oktoba.

Je, wakili akiwa mbovu? Huko Texas, Calvin Burdine alihukumiwa kifo katika kesi ya mwaka 1984 ambayo wakili wake alikuwa akisinzia mahakamani tena na tena. Ilichukua mpaka mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya serikali kuu kuamua, kwa kura 9 dhidi ya 5, kwamba wakili aliyelala ni sawa na kutokuwa na wakili. Majaji 5 hawakukubali hata hilo!

Matokeo ya upungufu huu wa muda ni kwamba kesi hazisikilizwi tena, zinamalizwa kwa makubaliano ya kukiri kosa. Mwaka 2012 Mahakama ya Juu yenyewe ilitaja kwamba asilimia 97 ya hatia katika mahakama za serikali kuu, na 94 katika za majimbo, zinatokana na kukiri. Kwa mtu aliyekosa fedha za dhamana hesabu ni fupi: ukiri leo urudi nyumbani jioni, au ukatae ukae ndani, upoteze kazi na nyumba ukingojea kesi. Hata asiye na kosa anakiri.

Hapa ndipo sisi wageni tunapoungua zaidi, na naomba usome kwa makini. José Padilla, mzaliwa wa Honduras, alikaa Marekani kihalali zaidi ya miaka 40 na alilitumikia jeshi wakati wa vita vya Vietnam. Alikuwa dereva wa lori, akakamatwa na bangi huko Kentucky. Wakili wake akamwambia asiwe na wasiwasi na makaratasi yake kwa kuwa amekaa siku nyingi. Akakiri. Kumbe kosa lile lilimfungulia mlango wa kurudishwa kwao. Tarehe 31 Machi 2010 Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili wa kesi ya jinai ana wajibu wa kumweleza mteja mgeni kama kukiri kunaweza kumfukuzisha nchini. Kwangu mimi hukumu hiyo ni mtoto wa penseli ya Gideon, na inatuhusu kuliko zote.

Mfano mdogo. Kwetu "kifungo cha nje" ni nafuu, mtu anashukuru Mungu. Huku, kwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1996, wizi wenye hukumu ya mwaka mmoja unahesabiwa kuwa kosa zito la kukuondoa nchini, hata kama kifungo ni cha nje na hukulala jela usiku hata mmoja. Ndiyo maana Washington mwaka 2011, California 2015 na New York 2019 ziliweka ukomo wa adhabu ya makosa madogo kuwa siku 364. Siku moja tu inaweza kutenganisha mtu na watoto wake. Na ukishafika mahakama ya uhamiaji hakuna wakili wa bure kwa haki, maana kesi hiyo haihesabiwi kuwa ya jinai. Hata mtoto anaweza kusimama peke yake.

Kwetu nako tusijione tumepona. Tanzania ilikuwa na sheria ya mwaka 1969 ya kumpa wakili mshitakiwa maskini, ambayo kwa muda mrefu ilionekana zaidi kwenye kesi za mauaji, na sasa ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Kenya iliiandika haki hii kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 50, kisha ikatunga sheria yake mwaka 2016. Karatasi zipo. Swali ni lilelile la huku: nani analipa, na wakili anapata saa ngapi na mteja wake?

Mageuzi yanayotakiwa hayahitaji falsafa. Fedha za mtetezi zikaribiane na za mshitaki, kama alivyosema mama Foltz mwaka 1893. Idadi ya kesi iwe na kikomo cha kisheria. Ofisi ya mtetezi iwe na wapelelezi wake na wakalimani wake. Mtu akutane na wakili siku ya kwanza anapofikishwa mbele ya hakimu. Na wale mlioshapata uraia, majaji wengi wa majimbo, waendesha mashtaka na madiwani wa kaunti huku wanapigiwa kura. Msiache majina yao wazi kwenye karatasi ya kura mkimaliza ya rais.

Na kwa mdau aliye matatani leo: omba wakili, nyamaza mpaka aje, omba mkalimani wa Kiswahili unachokielewa, awe anakuita wakili au avoka. Mwambie wakili wako ukweli wote. Kabla hujakiri chochote muulize hivi: "Makaratasi yangu yatakuwaje?" Kama hajui, mwambie atafute jibu kwanza. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Gideon aliidai haki yake ikiwa bado haijaandikwa, sisi tusiogope kuitumia iliyokwisha andikwa.

Naomba kuwasilisha.